Je, Wajua? Same na Milima ya Upare

Anayepita Same akielekea Moshi huona stendi, vumbi na jua kali, akadhani amemaliza habari. Kumbe nusu kubwa ya habari hiyo iko juu yake, mlimani. Mji umekaa bondeni, lakini mvua yake, chakula chake na kesi zake kwa miaka mingi vimekuwa vikishuka kutoka huko. Twende harakaharaka.

1. Je, wajua kwamba Milima ya Upare ni mikongwe kuliko Kilimanjaro? Kilimanjaro ni volkano iliyoanza kujijenga yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Miamba ya Upare ilipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya hapo, kisha ikainuliwa na mipasuko ya ardhi. Kwa hiyo yule mrefu mwenye theluji anayepigwa picha kila siku ndiye mdogo wa kuzaliwa.

2. Upare hausimami peke yake. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, msururu wa milima 13 unaoanzia Taita nchini Kenya na kukomea Udzungwa. Katika hesabu hiyo Upare una nafasi mbili, kwa kuwa Upare Kaskazini na Upare Kusini huhesabiwa kila mmoja kivyake. Taita tu ndiyo iliyo Kenya. Mingine yote 12 iko Tanzania.

3. Kilele kirefu kuliko vyote Upare ni Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu wa Chome huko Upare Kusini. Upande wa Kaskazini anayeshika bendera ni Kindoroko, mita 2,113. Mji wa Same wenyewe uko kwenye mita 800 na ushei. Ukiondoka stendi na sweta mkononi wenzako watakucheka; ukifika Chome wataliomba.

4. Je, wajua kuna ndege ambaye dunia nzima hapatikani isipokuwa Upare Kusini? Ni kinengenenge wa Upare Kusini, ndege mdogo kuliko kiganja, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho kana kwamba amevaa miwani. Jina lake la kisayansi ni *Zosterops winifredae*, kwa heshima ya Winifred Moreau, mke wa mtaalamu wa ndege Reginald Moreau. Msitu wa Chome ndio nyumba yake. Ukikatwa, hana kwa kuhamia.

5. Kwa nini Same ni pakavu ilhali mlima ulio mgongoni mwake ni wa kijani? Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukafika kwanza upande wa mashariki na kulazimika kupanda. Unapopanda hupoa na kuangusha mvua hukohuko juu. Ukivuka upande wa pili huwa umebaki mtupu. Ndiyo maana mjini hunyesha kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, huku sehemu za juu zikipata maradufu na zaidi. Gari la saa moja au mbili linakutoa kwenye miiba na kukufikisha kwenye migomba.

6. Wapare walikuwa na mabwawa ya umwagiliaji kabla Mzungu yeyote hajaandika ripoti kuhusu kilimo chao. Bwawa hilo huitwa ndiva. Hujengwa kwa udongo na mawe penye mteremko, na mfereji huliletea maji kutoka kijitoni. Jioni tundu la kutolea maji huzibwa, na kijito hufanya kazi usiku kucha watu wakiwa wamelala. Alfajiri mwenye zamu huzibua, maji yakashuka mferejini kwa nguvu ambayo kijito pekee kisingeweza kuitoa, naye akayafuata kwa jembe akifungua na kuziba matoleo hadi yafike shambani kwake. Maji yakiisha, zamu yake imeisha.

7. Siri ya ndiva haiko kwenye udongo, iko kwenye zamu. Zamani nyingi zilikuwa mali ya koo, na mzee wa ukoo ndiye aliyesimamia ugawaji na matambiko yake. Leo kamati za kijiji zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kusafisha mfereji ni kazi ya wote. Asiyetokea siku ya kazi hutozwa faini au hunyimwa maji. Katika bonde la Makanya, vijijini kama Bangalala, ndiva ya Manoo imewavuta watafiti wa ndani na nje, waliokuja kujifunza namna wakulima wanavyogawana kidogo walichonacho.

8. Je, wajua kwamba njia kuu ya misafara ya karne ya 19 haikufuata barabara kuu ya leo? Wafanyabiashara waliotoka Pangani na Tanga kwenda Kilimanjaro walipita sana upande wa mashariki wa milima, kupitia Gonja na Kisiwani, mahali penye maji na chakula. Pembe za ndovu na watumwa vilishuka pwani. Nguo, shanga na bunduki vikapanda bara. Kisiwani ilikuwa na jina kubwa wakati ambapo Same ilikuwa bado nyika.

9. Hiyo ndiyo sababu usitafute majumba ya kale Same mjini. Bondeni palikuwa mahali pa hatari: mashambulizi ya kuteka mifugo, wawindaji wa watumwa, na vikosi vya chifu Semboja wa Mazinde vilivyokuwa vikivuka kutoka Usambara. Mwenye busara alijenga juu, akashuka chini kwa shughuli maalumu na kurudi kabla ya giza. Mji wa Same ni mtoto wa reli na serikali.

10. Upare Kaskazini ulisifika kwa chuma. Mvua kubwa ikikatika, mchanga mweusi mzito ulibaki kwenye vitanda vya vijito. Watu waliukusanya, wakautenga na ule mwepesi kwa kuuosha, kisha wakauyeyusha kwa makaa huku mivukuto ikivuta pumzi. Majembe, mikuki na mapanga yaliyotoka hapo yalinunuliwa hadi Uchagani. Mlima wenye theluji ulilimwa kwa jembe la Upare.

11. Wenye ufundi huo walikuwa ukoo wa Washana, na simulizi za Ugweno, hukohuko Kaskazini, zinasema wao ndio waliotawala hapo mwanzo. Kisha Wasuya, wakiongozwa na Angovi, wakawapindua. Mranga, aliyemfuata Angovi, ndiye anayesifiwa kwa kuupanga utawala mpya, kwa mabaraza na kwa jando lililowafunza vijana wa eneo zima pamoja. Washana walipoteza kiti lakini hawakupoteza nyundo: utawala mpya nao ulihitaji majembe. Ukikutana leo na kina Mshana na kina Msuya wakitaniana harusini, utani huo una karne kadhaa.

12. Je, wajua kuna misitu midogo Upare iliyohifadhiwa kabla ya sheria yoyote ya misitu? Katika Upare Kaskazini kuna mpungi, kichaka cha matambiko ya ukoo, na mshitu, msitu wa jando. Kukata kuni humo ilikuwa kujitafutia laana. Baadhi ya koo zilihifadhi humo mafuvu ya wazee wao, mengine yakiwa ndani ya vyungu. Vingi kati ya vichaka hivyo bado vinaonekana, vimesimama peke yake katikati ya migomba na mahindi.

13. Reli ndiyo iliyowavuta watu bondeni. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Fedha ziliisha, kazi ikasimama, ikaanza tena. Ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko 1909 na Moshi 1911. Kati ya Buiko na Moshi ndipo ilipopita Same, na kituo kikazaa duka, duka likazaa soko. Ilichukua miaka 18 kutoka pwani hadi chini ya Kilimanjaro.

14. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita mlangoni. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kutoka Kahe yakiwafuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kwenye reli hiyohiyo, yakapita Same na kuendelea kusini. Wajerumani waling'oa reli na kubomoa madaraja nyuma yao. Walioumia zaidi hawakuvaa sare: ni wapagazi na wakulima waliochukuliwa nguvu zao na chakula chao na pande zote mbili.

15. Je, wajua kwamba Same iliwahi kuwa chini ya Tanga? Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza waliifanya makao makuu ya Wilaya ya Pare, wakaiweka katika Jimbo la Tanga. Baada ya Uhuru ndipo ikaingizwa katika Mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 1979 wilaya ikagawanywa: Kaskazini ikawa Mwanga, Kusini ikabaki Same. Ndiyo maana mzee wa Usangi, upande wa Kaskazini, anaweza kukwambia cheti chake cha zamani kinasoma Wilaya ya Pare, cha mjukuu wake kinasoma Mwanga, na wote wamezaliwa nyumba moja.

16. Sasa lile kubwa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka kila pembe ya milima, wakajaa mbele ya boma la Same na kukataa kuondoka. Chanzo kilikuwa kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa juu ya kodi ya kichwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mkadiriaji alihesabu ng'ombe, mashamba na migomba, akaandika alichoona kinafaa. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimwa na mtu aliyeweza kumpunguzia rafiki na kumwongezea hasimu.

17. Walikaa kwa mpango. Wengine wakibaki Same, wenzao walirudi kulima na kuleta chakula, kisha wakabadilishana. Waliandika malalamiko, wakapeleka ngazi moja baada ya nyingine, hadi London. Serikali iliwaambia warudi makwao. Wakajibu kwamba watarudi mbiru ikifutwa. Mabwana shauri, maofisa wa wilaya waliozoea kutuliza watu kwa kuongea na machifu wao, wakagundua kwamba machifu nao hawasikilizwi tena.

18. Je, wajua ni nani waliomtoa jasho Bwana Shauri kuliko wote? Ni wanawake wa Usangi. Mwanzoni mwa 1946, waume zao wakiwa bado wanashinda Same kwa ajili ya mgogoro, wanawake kwa mamia walimkabili ofisa huyo na kumpa mambo mawili achague: amalize suala la kodi ili waume warudi nyumbani, au awape mimba wote yeye mwenyewe. Hakuna waraka wa serikali uliokuwa na jibu la hoja hiyo. Hatimaye mbiru ikafutwa.

19. Habari hizi tunazijua vizuri kwa sababu mwana wa Upare mwenyewe alizifanyia utafiti. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikaa na wazee, akarekodi simulizi za koo, na mwaka 1969 ikatoka historia yake ya kisiasa ya Wapare. Mwaka 1971 akatoa kijitabu kizima kuhusu mbiru, na 1991 akarudi tena na kitabu kuhusu Upare na uchumi wa dunia. Alikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kubeba historia nzito kama makaratasi.

20. Utani wa Tanzania unasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wachagga ndio wanaoufurahia zaidi. Ukiusoma pamoja na mbiru, utaona kwamba kuku hakuwa hoja tangu mwanzo. Na kama ni ubahili, ambao Wapare hutaniwa nao pia, basi taifa lilinufaika nao: Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, alikabidhiwa Wizara ya Fedha zaidi ya mara moja na akawa Waziri Mkuu mara mbili. Alifariki Mei 2025.

21. Je, wajua kwamba Waadventista Wasabato wa Tanzania walianzia Upare? Mwaka 1903 wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo chao cha kwanza Giti, katika milima ya Upare Kusini. Walutheri wa Leipzig nao walikuwa wakijenga vituo, vikiwemo Shigatini na Mbaga. Wakatoliki wana Jimbo la Same tangu 1977. Uislamu ulikuwa umeshatangulia kwa njia za misafara. Matokeo yake ni koo ambazo kaka ni shehe, dada ni mzee wa kanisa, na Jumamosi shangazi hapiki.

22. Mmisionari mmoja wa Kisabato, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu, yaani Kipare, mwaka 1909, akiwa miongoni mwa wa kwanza kuiweka lugha hiyo vitabuni. Lakini usidhani Upare mzima huongea Chasu: Ugweno wana Kigweno chao, kilicho jirani zaidi na lugha za Kichagga. Na Wambugu wa Usambara, ambao simulizi zao zinawatoa Upare, wana usemi uliowashangaza wanaisimu duniani: sarufi ya Kibantu, huku maneno mengi ya msingi yakiwa ya Kikushi.

23. Kilomita chache tu kutoka Same mjini kuna lango la Zange, la kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ilianza kama pori la akiba mwaka 1951, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200 na imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, kwa hiyo tembo huvuka mpaka bila pasipoti. Humo utamwona pia swala twiga, mwenye shingo ndefu, anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma ili kufikia majani.

24. Je, wajua kwamba faru wamehamia Mkomazi kutoka Ulaya? Ujangili ulikuwa umewamaliza faru weusi wa hapo. Mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyewahi kufanya kazi na mtunza simba George Adamson, alifika mwaka 1989 na kusaidia kujenga upya pori hilo, pamoja na uzio wa kuhifadhi faru. Wa kwanza waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Mwaka 2009 wakaja watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki. Walizaliwa kwenye baridi ya Ulaya, wakaja kujifunza jua la Same. Mbwa mwitu nao walizalishwa huko na kuachiwa porini. Upande mwingine wa shilingi ni wafugaji walioondolewa porini mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao shauri lao lilifika hadi Mahakama ya Rufani.

25. Tangawizi nyingi unayoinusa kwenye chai ya Tanzania hutoka Same Mashariki, hasa Mamba Myamba, ambako kuna hadi kiwanda cha kuisindika. Hupenda mvua na udongo wa mlimani, na huvumilia barabara mbovu kuliko ndizi. Zao jingine la mlimani halitangazwi: mirungi. Kenya ni zao halali la biashara. Tanzania ni dawa ya kulevya, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshapanda Same kuifyeka ekari kwa ekari. Mkulima anayeishi karibu na mpaka huona tofauti ya sheria mbili kwa macho.

26. Makande si chakula cha shule ya bweni tu. Upare ndiyo heshima ya nyumba: mahindi yaliyokobolewa na maharage, vikachemshwa taratibu mpaka viive pamoja, kisha vikaungwa kwa kitunguu, na maziwa au nazi kwa anayejiweza. Siri ni moto mdogo na subira. Mgeni anayeyaita kande za njaa asishangae kupakuliwa kidogo.

27. Mlima unaolisha unaweza pia kuua. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi ilimeguka usiku huko Goha, Mamba Myamba, na kufukia nyumba na watu waliolala. Waliokufa hawakupungua 20. Miteremko mikali, mvua ya ghafla na mashamba yanayozidi kupanda juu ni mambo matatu ambayo hayapaswi kukutana bila miti na matuta.

28. Treni imerudi. Huduma ya abiria kwenye reli ya kaskazini ilikuwa imekufa tangu miaka ya 1990, vituo vikabaki na mbuzi kivulini. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilianza tena kwenda Moshi, ikipita Same. Kwa mwenye gunia la tangawizi na safari isiyo na haraka, si habari ndogo.

29. La mwisho: je, wajua maji ya mradi mkubwa wa Same yanatoka wapi? Ungedhani mlimani, kwa kuwa mlima uko pale pale. Hapana. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kusuasua, huchota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa tambarare. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960, na hujazwa zaidi na mito inayotoka Kilimanjaro na Meru. Vijito vya Upare vimeshagawanywa zamani, zamu kwa zamu, ndiva kwa ndiva, na mwenye zamu yake hatanii. Kwa hiyo mji wa Same, uliokaa miguuni pa Upare, umeona ni nafuu kuomba maji kwa Mchagga kuliko kufungua kesi ya mfereji na Mpare.